Samaki Niliowaosha Mpaka Wakafa

Bwana asifiwe. Leo mniitikie kwa nguvu kidogo, kwa sababu nimesimama hapa bado nina hasira, na mchungaji ameniambia hata mwenye hasira anaruhusiwa kushuhudia. Asanteni.

Wengi wenu hapa Uthiru mnanijua kwa kuku. Mimi ndiye yule mama wa Kabiria wa kuku wa nyama, na kama umewahi kuja kwangu unajua huingii bandani kabla hujakanyaga karai la dawa ya miguu. Kuku wakitoka, nasugua banda, nanyunyiza dawa, napaka chokaa, naliacha likauke, ndio naleta wengine. Vifaranga wakifika, siku za kwanza wanakunywa maji yenye dawa. Hivyo ndivyo nilivyosomesha watoto. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba usafi ndio ulinimaliza, ndugu zangu, nawaambia, mpaka leo naona kama nimetukanwa.

Sasa, kule chini kwa shamba letu kuna kipande chenye majimaji. Mama yangu amelima nduma hapo tangu nikiwa msichana. Ndugu yangu mkubwa, na jina lake silitaji, akaamua kimwagiwe maram, ule udongo mgumu wa barabarani, na kujengwe nyumba za mabati za kupangisha. "Kila mtu anajenga," akasema, "sisi tunalima matope." Mama alishuka tu akasimama katikati ya nduma zake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Roho iliniuma sana. Siku hizo serikali ilikuwa inahimiza watu wafuge samaki, basi nikamwambia ndugu yangu: nitachimba bwawa kando ya nduma. Krismasi ikifika na samaki wako hai, hakuna kujenga. Wakifa, lete fundi.

Akacheka. "Sawa. Lakini Krismasi ni Krismasi. Usikuje kuniambia habari ya Pasaka."

Bwawa likachimbwa, likatandikwa plastiki nyeusi, likajazwa maji. Tilapia wadogo waliletwa na dada mmoja wa ofisi ya samaki, msichana wa kutoka magharibi, amesoma na anajua kazi yake. Tulikosana naye langoni, maana alitaka kupita bila kukanyaga karai.

"Mama, samaki hawana miguu," akaniambia.

"Wewe unayo," nikamjibu.

Akakanyaga. Kabla ya kuondoka akanionya: maji yakigeuka kijani nisishtuke, kuta zikianza kuteleza nisiziguse, bwawa lazima likomae. Nikaitikia kwa kichwa, vile sisi huitikia mahubiri yakivuka saa saba.

Na kweli maji yakageuka kijani. Kijani, ndugu zangu, kwangu mimi! Halafu akina mama wa ushirika wakaja kunitembelea, na mmoja wao akasimama pale akauliza, "Kwani hii ndio maji samaki yako inakunywa?" Yuko hapa leo. Simwangalii. Usiku sikulala, na asubuhi nikawatoa samaki kwa ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua ile plastiki kwa brashi na dawa ya kutoa madoa mpaka ikang'aa. Nikajaza maji ya mfereji na kuwarudisha. Bwawa likawa safi kuliko masufuria ya watu wengine humu ndani. Msicheke.

Samaki wakaanza kuja juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Wengine wakatoka vidonda vyenye kitu cheupe kama pamba. Nikasema, aha, uchafu umebaki mahali. Nikamwaga tena, nikasugua tena. Nikachukua dawa yangu ya kuku, ile ya unga wa manjano, nikaichanganya na chakula chao. Walivyozidi kufa ndivyo nilivyozidi kuosha. Na washauri hawakukosekana! Huyu anasema tia chumvi, yule anasema tia majivu, shemeji yangu wa Kileleshwa, ambaye hajawahi kufuga hata paka, ananipigia simu kuniambia samaki wangu wana mawazo. Yule dada wa ofisi akinipigia sipokei, kwa sababu nilijua ataniuliza kama nimegusa kuta.

Wale walioonekana hawatafika jioni nilikuwa nikiwapelekea bata. Mama akasema niwatie tu kwa lile birika la zamani la kunyweshea ng'ombe, bata watawatoa wenyewe. Hilo birika halikuwa limeoshwa tangu ng'ombe wa mwisho auzwe. Kuna majani yaliyooza, kuna mavi ya bata, maji mazito. Nikawatupa humo na sikutaka kuona mwisho wao.

Mwezi wa kumi na mbili ukaingia. Kwa bwawa walikuwa wamebaki wachache, wanaelea kando kando. Ndugu yangu akashuka na fundi hata kabla ya siku yetu, ati wanakuja kupima tu, wasipoteze wakati. Mama akaingia nyumbani akafunga mlango. Mimi nikashindwa niende wapi, nikachukua brashi. Nilijiambia, kama nashindwa leo, nitashindwa nikiwa msafi, hata birika la ng'ombe nitaliosha.

Nilipotia brashi ndani, maji yakaruka yakanipiga usoni. Walikuwa hai! Wale niliowatupa! Maji yalikuwa mazito hata bata hawakuwaona! Wamenenepa, ngozi imepona, wanakimbizana kwa hayo maji machafu kama watoto wamefunga shule. Ndugu zangu, nilikaa chini kwa matope nikalia, na haikuwa furaha, ilikuwa hasira. Miezi yote hiyo nasugua mpaka mikono inachubuka, kumbe mauti ni mimi naileta kwa brashi!

Siku hiyo nilimpigia simu yule dada mwenyewe. Alipofika alikanyaga karai bila kuambiwa, na hakunicheka. Alinishika mkono akanipitisha kidole kwa ukuta wa birika.

"Unaskia utelezi? Hawa ni vijidudu," akasema. "Wako kwa ngozi ya samaki, wako kwa tumbo yake, wako kwa ukuta. Wengine wanakula ile sumu ya mkojo na mavi ya samaki. Wengine wanakaa tu hapo kwa ngozi, na wale wabaya wakikuja wanapata nafasi imejaa. Wewe uliosha wa nje, ukaua wa ndani na dawa ya kuku."

Hapo nikaelewa, maana mimi ni mtu wa Kabiria, na kwetu kila kona ni ploti ya kupangisha. Nilikuwa nimefukuza wapangaji wote wazuri kwa ploti, halafu nashangaa wezi wameingia kwa vyumba vitupu.

Jumamosi akina mama wa ushirika wakaja, hata yule wa swali. Tukabeba maji ya birika kwa ndoo, pamoja na samaki wake, tukamwaga kwa bwawa langu linalong'aa. Moyo ulikuwa unanikata. Lakini kibarua kigumu kilikuwa kukaa bila kufanya kitu. Nilikuwa naamka naenda kuangalia maji yakibadilika rangi, mikono inaniwasha, na mama ameficha brashi.

Krismasi ndugu yangu alikuja, na futi yake ya kupimia. Nikarusha chakula, na uso wote wa maji ukachemka kwa samaki. Akaikunja futi yake.

"Hawa si walikufa?"

Mama alikuwa ndani ya nduma zake, hata hakuinua kichwa. "Enda upime kwako," akamwambia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule dada, ambaye nilimnyima simu na hakuninyima msaada. Nawashukuru akina mama mliochafuka nguo pamoja nami, na mama yangu, ambaye mpaka leo hajaniambia brashi iko wapi. Ninalowaachia ni hili: kabla hujaosha mahali, uliza kwanza nani anaishi hapo.

Na wewe ndugu yangu uliyekaa pale nyuma, jina lako sijalitaja, basi acha kuinamisha kichwa. Ukitoka hapa pitia kwa mama. Samaki wako tumekuwekea.