Digrii Moja na Kidogo

Benchi letu liko nyuma ya taasisi ya utafiti, penye lango dogo la watumishi, kando ya meza ya Saketi, fundi simu. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Pembeni yangu hukaa Wakili, ambaye joho hajawahi kulivaa. Kazi yake ni kuwachapia watu barua za malalamiko. Afande ndiye mlinzi wa lango, na zamu yake ikiisha huja kukaa nasi bila kuvua kofia. Siku hiyo tulikuwa tunafoka. Kibano, fundi wa maabara, alikaa katikati yetu na barua mkononi: ameharibu sampuli kwa uzembe, kesho saa nne afike mbele ya kamati ajieleze kabla ya kuachishwa kazi.

— Miezi kumi na mmoja naitengeneza hiyo sampuli, — alisema Kibano. — Leo naitwa mzembe.

— Hebu nieleweshe hicho kitu chenyewe, — nikamwambia. — Kila siku nasikia karatasi, karatasi.

— Ni kaboni, kaka, kama iliyomo kwenye penseli. Unaibandua kwa selotepu, unabandua tena, mpaka inabaki tabaka moja la atomu. Huwezi kupata chembamba kuliko hapo. Unailaza moja, halafu unaishusha ya pili juu yake.

— Zinakuwa mbili. Kuna ajabu gani? — akauliza Wakili.

— Ajabu iko katikati. Chukua vyandarua viwili, weka kimoja juu ya kingine, kizungushe kidogo. Si unaona maua makubwa yanatokea? Hayamo kwenye chandarua hiki wala kile. Karatasi zangu ni hivyohivyo. Ukizungusha ya juu digrii moja na kidogo, umeme wa juu na wa chini unaanza kuhisiana. Kwenye baridi kali unaweza kugoma kabisa, au ukapita bila kuzuiwa na chochote. Hapo una swichi ndogo kuliko chembe ya vumbi.

— Na hiyo digrii ikipotea? — Saketi akaacha kulehemu.

— Umebaki na masizi.

Digrii ilipotea Alhamisi. Mkuu wa taasisi alileta wageni, akataka waone kazi inavyofanyika. Sampuli ilikuwa juu ya sahani ya moto, kwenye joto la kiasi.

— Nikamwambia, — alisema Kibano, — mzee, tusiongeze moto. Joto likizidi, ya juu inajizungusha yenyewe, inarudi kulala sawa na mwenzake. Akasema wageni wana ndege saa tisa. Akapitisha mkono mbele yangu, akageuza kitufe mpaka mwisho.

— Kabisa, — Afande akadakia. — Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Nimemwona kwa macho haya.

Hata mimi nilimwona. Nilikuwa nimeitwa ndani kuwamiminia wageni kahawa, nikasimama hatua mbili tu kutoka kwenye ile sahani. Nikasema hivyo pale benchini, kwa sauti.

— Ndiyo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — akasema Wakili.

— Kwa methali hiyo unamtetea nani? — Saketi akamgeukia. — Mkuu ndiye kaharibu.

— Basi mkuu ndiye avunjike guu. Usinikoroge. Mimi nasema alikusudia. Mtu hagusi moto usio wake hivihivi.

— Aliiba, — akasema Saketi. — Ile iliyoharibika ni bandia. Yenyewe iko ndani ya simu yake. Tangu Alhamisi simu ile haijaja kwangu, na ilikuwa haimalizi siku mbili bila kuletwa.

— Iko tumboni kwa yule mgeni mrefu, — Afande akasema. — Hakusaini daftari langu. Kitu chembamba hivyo unakivuta kwa pua, unapanda nacho ndege. Nani atakupekua mapafu?

— Haba na haba hujaza kibaba, — Wakili akapiga benchi kwa kiganja. — Wanaziba tundu moja la pua, wanavuta maabara nzima.

— Acheni, — akasema Kibano. Hakupaza sauti. — Mtu anataka kumwaga unga wangu, nyinyi mnavuta vitu kwa pua.

Tukaona aibu, na aibu ikatuongezea hasira. Saketi akasema angekuwa yeye, angemshika Mkuu shati. Wakili akasema barua kama ile angeichana mbele ya kamati. Afande akasema watu wa aina hiyo wanahitaji kuambiwa ukweli usoni. Mimi nikasema dhulma haidumu, nikawajazia vikombe.

Dada yake Kibano alitukuta hapo. Ni mshonaji, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Tulimwamkia. Hakukaa.

— Nimewasikia tangu kule kona, — alisema. — Kwa hiyo mlikuwepo?

— Mimi na muuza kahawa, dada, — Afande akajibu kwa fahari. — Tumeona kila kitu.

— Vizuri. Kesho saa nne, ni nani kati yenu anaingia naye kwenda kusema?

Saketi akarudi kwenye simu aliyokuwa ameifungua. Wakili alianza methali, akaiacha katikati, akaanza kupanga karatasi zake. Afande akaangalia buti zake. Mkataba wake unasainiwa kila mwaka, na anayeusaini ni Mkuu. Mimi nina kibali cha kuuza pale langoni. Kina mhuri wa ofisi hiyohiyo. Nikaanza kufuta birika ambalo halikuwa na doa.

Alisubiri. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anayetuchukua vipimo.

— Twende, dada, — akasema Kibano, akiikunja barua. — Usiwasumbue. Wana kazi zao.

Kesho yake saa nne, sisi wanne sote tulikuwa kijiweni.