Nafasi Tupu Aliyoibeba Sifuri

Ndugu, jamaa na marafiki, karatasi hii aliichapa marehemu mwenyewe akiwa hospitalini, sisi tumejaza tarehe ya mwisho tu, na mimi mdogo wake ndiye ninayewasomea, nikiongeza maneno machache.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari hadi chuo kikuu, alikohitimu hisabati mwaka 1992 bila makeke yoyote.

Tarehe 3 Agosti 1993 aliajiriwa katika kampuni ya programu, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani, akashughulikia kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya watunzi wa programu yawe lugha ya mashine, na huko ndiko wenzake walikombandika jina la Sifuri. Neno fupi kama “ndiyo” likitengewa nafasi mia, kompaila ilibeba herufi tano pamoja na sifuri tisini na tano za kujazia nafasi tupu, jambo lililomkera mno, akaifundisha ibebe herufi tu, sifuri zijazwe neno likishafika mahali pake. Mkewe alipouliza ni kazi gani hiyo ya miezi saba, alimwonyesha trei yenye mayai mawili, akasema mwenye akili hubeba mayai, trei ataikuta nyumbani, na mkewe akamjibu kwamba kesho basi aende dukani yeye.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997 na mwalimu wa chekechea, wakawa chanda na pete, na wengi wetu tunawajua watoto wao wawili, lakini marehemu ameandika watatu. Wa kwanza alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1998, akaishi saa nne, hakupewa jina wala hakutajwa tena nyumbani, na mbele ya tarehe hiyo marehemu ameacha mstari mzima mtupu.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hadi alipofariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa tano asubuhi. Jana mwenye duka la kuchapisha alitaka kuufuta mstari ule ili historia itoshe ukurasa mmoja, mjane akakataa, akasema mtu huyu hakuwa wa kubeba nafasi tupu, na kama hii ameibeba miaka ishirini na mitano, basi iachwe. Hakulia, nasi bado hatujalia, tumekufa ganzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake waliokuja wote leo.

Pumzika kwa amani, kaka, tumekusoma hadi mwisho, na pale ulipoacha patupu tumepaacha.