Dinosaria wa Timbo na Majani ya Kabeji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi. Kaluki, Naibu Kamishna wetu, mwalimu mkuu, wazazi, na nyinyi watoto mlioketi hapa mbele, ambao tunawaomba leo mtusikize bila kucheka:

KARIBU
Sisi Wazee Wasomaji wa Mtaa wa Timbo, hapa Kitengela, tunakukaribisha kufungua maktaba ya shule. Sopa, kama wanavyosalimia Wamaasai! Tungekupokea kwa nyimbo, lakini bado tuko na mshtuko wa Jumanne, na mtu aliyeshtuka haimbi vizuri.

TULIKOTOKA
Sisi ni wastaafu: karani, fundi wa redio, dereva wa lori la mawe. Sayansi hatukusomea, tumejisomea. Kila Jumamosi huwa tunawasomea watoto hawa vitabu. Sasa, nyuma ya hema hii kuna timbo, shimo lililoachwa wazi wachimba mawe walipohama. Mvua ililijaza maji, watoto wakaanza kuogelea. Tuliwakanya. Wakatujibu, "Babu, nyinyi mnaogopa maji kama paka!"

Basi tukafungua kitabu cha dinosaria. Tukawaambia kwamba mmoja wa kile kipindi chao cha mwisho, Kretasia, alibaki humo chini, jino lake refu kama ndizi, na kwamba akipiga miayo mabati ya nyumba za mbali kule Embulbul yanatikisika.

MAFANIKIO
Kwa majuma mawili hakuna mtoto aliyesogelea maji. Hata Mzee Mugo, aliyetusaidia kutunga hadithi hiyo, alianza kuzungukia mbali akienda dukani.

Lakini watoto wakauliza maswali, na sisi tukiulizwa hatujui kunyamaza. Tukasoma kurasa zilizobaki. Kumbe dinosaria wengi hawakula nyama! Kuna waliokuwa na mamia ya meno ya kusaga majani, wakitembea kwa makundi kama ng'ombe wa Kajiado wakati wa kiangazi. Walitaga mayai kwenye viota. Mifupa ya wengine imechimbuliwa hapa hapa Kenya, kule Turkana. (Mawe ya Kitengela ni majivu ya volkano, ni machanga mno kwa dinosaria. Hilo tuliliruka.) Halafu jiwe kubwa likaanguka kutoka angani, vumbi likaziba jua, majani yakaisha, wakafa njaa. Watoto walilia. Sisi tukajipongeza kwa kusoma vizuri.

CHANGAMOTO
Jumanne jioni, Mama Nduta wa mboga alituuliza, "Wazee, hawa watoto wanaomba majani ya nje ya kabeji ya nini? Nikawauliza kama ni ya sungura, wakaniambia ni ya yule wa majini."

Mheshimiwa, tulikimbia. Watu wa umri wetu, tulikimbia!

Tuliwakuta wamejipanga ukingoni, kila mmoja na jani lake. Seleyian, wa darasa la pili, alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, amenyoosha mkono, akibembeleza: "Toka ukule! Usiogope, ile jiwe ilishaanguka!"

"Mtoto, rudi!" mwenzetu Mzee Otiende akapiga kelele.

"Babu, nyamaza, utamtisha!"

Otiende aliingia na viatu, na koti la kanisani, akamshika. Kisha akatumbukiza bakora mbele ya pale mtoto aliposimama. Bakora ikazama yote, na mkono wake ukaifuata hadi begani. Hakugusa chini. Mugo alikaa chini kwenye matope.

Tukawaambia ukweli papo hapo: hakuna dinosaria humo, wote waliisha miaka milioni sitini na sita iliyopita. Seleyian akatutazama, maji yanamchuruzika. "Mnasema hivyo ndio tusimletee chakula."

Tangu siku hiyo tunalinda timbo kwa zamu. Tukiwafukuza, wanatuita wachoyo.

MAOMBI
Tunaomba ua wa waya kabla ya mvua za vuli, na baadaye shimo lijazwe. Magoti yetu hayatoshi kuwa ua.

La pili ni dogo, ila ndilo la leo. Kabla hujakata utepe, tembea nasi hadi ukingoni. Watoto watakufuata. Waambie kwa kinywa chako kwamba humo hamna kitu ila maji marefu. Sisi hawatuamini tena. Watakuuliza: una hakika? ulichungulia? Tafadhali, mama yetu, hata wakulilie, usije ukasema "labda".

Mungu akupe sauti ya kusadikika, na atuachie watoto wetu wote.

Ni sisi,
Wazee Wasomaji wa Mtaa wa Timbo, Kitengela.
Imesomwa na Kinyanjui, fundi wa redio mstaafu, kwa niaba ya wote.