Miarobaini ya Kiwanda cha Korosho

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mlikuwa mkiniuliza hali, nami nikijibu niko salama. Sikuwa salama. Tangu tumzike mume wangu nilikuwa gogo: naamka, naoga, natoka, sihisi kitu.

Hapo ndipo kikundi chetu cha akina mama kilipopewa uwanja wa kiwanda cha korosho kilichokufa, hapa Lindi mjini, tujenge soko. Nikachaguliwa kusimamia kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Nawaambia, msomi asiyehisi kitu msimpe panga.

Uwanja ulikuwa pori: miarobaini, nyasi, dimbwi la mvua. Mimi mtoto wa wakulima. Kwetu, kabla ya msimu, chini ya mkorosho hufyekwa na kufagiliwa ili korosho ikianguka ionekane. Nami nikafanya hivyo nusu ya uwanja. Nikakata miti, nikafukia dimbwi, nikafagia pakang'aa. Nikapiga na picha.

Haukupita muda, nyumba za jirani zikawa hazikaliki mchana kwa joto. Watu wakahamia na mikeka kwenye miti ya nusu iliyobaki. Niliwaona, nikaendelea na chai yangu.

Wifi yangu akaja kutoka Kiranjeranje.

"Wifi, hapa mnaanika nini?"

"Hatuaniki. Tumesafisha."

"Mmefagia mpaka upepo. Sasa mnangoja soko lidondoke?"

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaona haya, kana kwamba marehemu amenisikia.

Tukachora upya: vibanda vikae juu ya sakafu kuukuu ya kiwanda na pale nilipopaharibu, miti iliyosalia ibaki, dimbwi lifukuliwe. Halmashauri wakasema tusubiri mchoro upitishwe. Mkandarasi tuliyempa kazi ya soko hakusubiri, alikuwa na mchoro wa kwanza, unaosema kata yote, akaleta msumeno.

Nawashukuru majirani walioamkia chini ya miti ile na mikeka yao, wakakataa kuondoka, na wifi aliyewapikia uji. Funzo langu dogo: kabla hujasafisha mahali, kwanza pakalie mchana wa jua kali. Na ukiulizwa hali, jibu kweli.

Asubuhi ile mkandarasi alikuwa anatia mafuta kwenye msumeno simu yangu ilipoita. Afisa ardhi wa halmashauri.

"Mama, mchoro mpya umepita. Mwambie asikate."

Nikamwambia mkandarasi.

"Una uhakika, mama?"

Nikampa simu aongee mwenyewe. Aliponirudishia, akaufungasha msumeno. Nikaketi mkekani na majirani, wifi akaniuliza hali, nikamjibu kweli.