Shangazi na Panya Wasioogopa

Ndugu waombolezaji, asiyeamini abishe mapema, maana aliyepewa kusoma historia ya mtafiti mkubwa kuliko wote katika ukoo huu ni mimi, mtoto wa kaka yake, niliyeikimbia shule darasa la sita, na spika sihitaji, sauti hii inafika barabarani.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1965, akahitimu chuo kikuu mwaka 1982, akaajiriwa maabara, chumba cha panya, ambacho harufu yake ilimfuata hadi kwenye ndoa yake, tarehe 4 Mei 1985, msicheke, mumewe yule pale anaijua. Walijaliwa mabinti wawili. Walimu waliponilinganisha na mtoto wa jirani, aliwafuata akawaambia wanilinganishe na kaka yangu, tuliyelelewa naye chungu kimoja, na kaka naye alikuwa anafeli vilevile.

Mwaka 1996 aling'ara, panya aliowaondolea jeni moja hawakuogopa tena uwanja wa wazi, ikasemwa chanzo cha hofu kimepatikana, akapewa ngao ile ya sebuleni. Mwaka 2004 aliacha kazi kwa sababu za kiafya, figo zikamsumbua, akafariki Jumanne iliyopita, wodi namba tatu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mlioleta viti, na wenzake wa maabara mlioketi safu ya pili.

Mama mkubwa ananikonyeza niketi, ila miguu inagoma. Hapo kwenye kuacha kazi nimeparuka, nimeagizwa hivyo, eti kulinda jina. Mwaka 2004 shangazi alikuwa mzima kama chuma. Aligundua kwamba panya wake majasiri walikuwa wa ukoo mmoja, na waoga aliowalinganisha nao walitoka ukoo mwingine, chumba cha pili, kumbe ujasiri ni wa ukoo mzima, jeni ile imesingiziwa. Akarudia kwa ndugu wa tumbo moja, mwenye jeni na asiye nayo, tofauti haikuonekana. Akatangaza kwamba amekosea, wenzake wakamnunia, hakuna aliyeketi naye tena kwenye chai, akaondoka.

Wodini aliniambia, "We mropokaji, hilo usilimeze, kuna watu bado wanajenga juu ya kosa langu."

Safu ya pili, mmesikia. Haya shangazi, limeshasemwa, sasa lala, upumzike kwa amani.