Bwana Asante na Mbwa Aliyenyamazishwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kazini mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, nami nitaisoma, ila kuna mahali nitaiacha, naomba nikifika hapo msinikatishe.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa dereva wa lori na mama mshonaji wa magodoro, mimi nikamfuata miaka minne baadaye, kwa hiyo hadi nilipomaliza shule sikuwahi kuvaa shati ambalo yeye hakuwa ameshalitoboa viwiko. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari hadi 1984, na matokeo yake, mwenyewe alikuwa akisema, yalionyesha wazi kwamba yeye na hesabu hawakuwahi hata kusalimiana.

Tarehe 2 Mei 1985 aliajiriwa na kampuni ya ulinzi kama mlinzi wa lango, mwaka 1989 akahamishiwa kitengo cha mbwa, akafundisha kama tulivyofundisha sote kitengoni, mimi nikiwemo, kwa fimbo na mnyororo wa kukaba shingo, na alikuwa mkali kweli kweli, hilo hakulificha. Mwaka 2004 alipelekwa kozi ya miezi mitatu kwa daktari mmoja wa mifugo, mama mfupi mwenye sauti ndogo, akarudi na kimfuko cha vipande vya maini kiunoni, fimbo yake akaifanya mpini wa fagio. Tangu hapo mbwa akipatia alipewa kipande palepale, akikosea hakupigwa wala kufokewa, zoezi lilirahisishwa tu, na yote yaliandikwa kwenye daftari, maana alikataa katakata mtu kumwita mbwa mkaidi bila kuonyesha alichojaribu na kilichotokea.

Lililotuchekesha zaidi ni neno moja. Mbwa akimngurumia, kaka alimwambia asante, akarudi nyuma hatua moja, ndipo akatafuta kinachomsumbua. Alitueleza hadi tukachoka kwamba mbwa anayenguruma bado anaongea na wewe, kwamba ukimpiga kwa sababu ya kunguruma humwondolei hofu wala maumivu, unamwondolea onyo tu, na siku nyingine atauma bila kusema kitu. Tukambandika jina la Bwana Asante, na mimi, damu yake, ndiye niliyecheka kuliko wote.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni muuguzi na mwana ambaye ni fundi umeme, na shemeji amesema niwaambie kwamba hata yeye akinuna alikuwa akiambiwa asante na kuachiwa nafasi, jambo ambalo lilimkera vibaya sana, na sasa angetoa chochote alisikie tena. Mwaka 2015 aligundulika kuwa na kisukari, akajitunza vizuri.

Karatasi inaendelea kwamba tarehe 7 Agosti 2023 marehemu alipata ajali kazini. Hapa ndipo ninapoiacha.

Mwezi Julai kaka alikwenda likizo, akaniachia mbwa tuliyemwita Meneja, kwa sababu alikuwa akilala akitutazama tukifanya kazi, na meneja mwenyewe aliyeketi hapo mbele atuwie radhi. Sikio la mbwa huyo lilikuwa na kidonda, kaka akanielekeza nimpake dawa polepole, kwa maini, akinguruma niache. Mimi sikuwa na subira hiyo. Kila aliponguruma nilimpiga, siku tisa mfululizo, hadi akanyamaza kabisa, na kaka aliporudi nikajigamba kwamba nimemnyooshea mbwa wake, akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia kwa maini, kama ulivyosema. Nilimdanganya. Akaniamini, akaona ule ukimya akadhani sikio limepona, akainama kulitazama, na Meneja akamng'ata mkono hadi mfupani, bila sauti yoyote.

Kwa kisukari chake kile kidonda kilikataa kupona, usaha ukaingia kwenye damu. Tarehe 12, hospitalini, kando ya kitanda chake cha dirishani, nilimweleza ukweli wote. Alisema asante, kisha akaniomba nitoke nje. Sijui hadi sasa kama alinisamehe au alirudi nyuma ile hatua moja. Nilipoitwa tena kesho yake alikuwa na ombi moja tu, mbwa asiuawe, na niseme mbele ya watu nani alimnyamazisha. Alifariki tarehe 24 Agosti, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka 57.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana siku kumi na saba, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake mliochangia damu. Meneja, mkuu wangu, umepanga Jumatatu mbwa yule adungwe sindano, nakuomba kwa magoti, mwenye kosa ni huyu anayesoma. Leo asubuhi nilikaa nje ya banda lake na kimfuko cha kaka kiunoni, akanitazama tu, hajanguruma, na nitakwenda kila siku hadi angurume, nimwambie asante.

Nanyi pia, shemeji, wanangu, wenye hasira nami, na mnayo haki, msininyamazie. Kaka, pumzika kwa amani, ile ambayo mimi sikukuachia.