Jean-Pierre Bulaimu, Sauti ya Mzee Kikohozi

Ndugu, jirani na rafiki mliokuja kulia nasi, mimi ni Carine, binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, tarehe zote nimezihakiki mara mbili, na mkisikia kosa basi ni langu.

Baba alizaliwa Wamaza, Kabambare, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Déo na mama Cécilia, wakulima wa mpunga, alisoma shule ya msingi hukohuko, akaja Kasongo kwa sekondari, akahitimu Julai 1979, akarudi Wamaza kufundisha Kifaransa kwa miaka ishirini na mitano, na tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na mama yetu Viviane, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 2000 na Esther-Divine mwaka 2006.

Mwaka 2004 alihamia Salamabila, akafungua ukumbi wa video wenye benchi kumi na mbili na jenereta moja, na kwa kuwa wachimbaji wengi wa dhahabu hawakusikia Kifaransa, alishika maikrofoni akawafasiria ile tamthilia ya mpelelezi anayekohoa, akamwita Mzee Kikohozi, akawavusha wauaji wake mto wetu Lualaba kwa mtumbwi. Kila kipindi kilipobakiza robo alisimamisha picha, kila mtu akamnong'oneza sikioni jina la muuaji, na aliyepata alikaa wiki iliyofuata kwenye kigoda kando ya maikrofoni. Mimi nilikikalia mara thelathini na moja.

Kuanzia msimu wa kumi tamthilia iliharibika, muuaji alijulikana kabla Mzee hajakohoa, watu wakahamia mpira, nami nikaacha, lakini baba aliendelea hata alipofunga ukumbi mwaka 2018 na kurudi Kasongo, na tulipomcheka alijibu, "Mutu akichoka hamumutupe. Iko siku atarudia."

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, hadi akalazwa hospitalini hapa Kasongo. Septemba msimu wa kumi na tisa ulifika Kindu, ninakosoma chuo kikuu, nikaunakili kwenye flashi, nikampa Djuma wa pikipiki amletee, bila kuufungua, maana niliona misimu tisa mibaya inatosha. Tarehe 30 baba alinipigia simu, "Carine, Kikohozi amerudia. Amerudia kabisa, mama." Nikamwomba aningojee nimalize mitihani, akacheka, "Kungojea? Mudogo wako amekwisha kupata wauaji ine juu ya ine. Namukatalia namna gani?"

Baba hakupenda historia inayoficha, kwa hiyo ninasema: nilimwonea Esther-Divine wivu, na bado ninamwonea. Misimu ile mibaya haikuwa ya mtu, huu mzuri niliutuma kwa mkono wangu ukawa wake, na kigoda kililetwa hospitalini, kikawekwa kando ya kitanda, akakikalia yeye.

Baba alifariki Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, saa tisa mchana, siku mbili baada ya kumaliza na Esther-Divine sehemu ya nane, ambayo ni ya mwisho, nami nilikuwa njiani, nikafika jana. Sehemu hiyo niliitazama jana peke yangu, nikaisimamisha ilipobaki robo, na leo asubuhi, kabla sanduku halijafungwa, nilimnong'oneza baba jina la muuaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mama Francine jirani yetu aliyeleta uji kila siku, walimu wenzake wa Wamaza, pamoja na wachimbaji waliosafiri kutoka Salamabila na kunikumbusha nilivyokuwa ninajivuna juu ya kigoda.

Esther-Divine alikuwa amesimama nyuma yangu nilipomnong'oneza baba, akasikia, na yeye anaujua mwisho. Alitoka, akarudi na kigoda, akakiweka upande wangu wa sanduku. Kiko hapa. Sijui kama nimepata au ananihurumia, sikumuuliza, na nikimaliza kusoma nitakikalia.

Baba, sauti yako ipumzike sasa, nawe upumzike kwa amani.